Mungu wa Mvua na Ndoo Tupu: Kuunda Miungu kwa Kitabu Chako cha Vibonzo

Kitabu changu cha kwanza cha vibonzo kiliuawa na mtoto wa darasa la sita. Ilikuwa kwa kinyozi, mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimeacha nakala tano kwenye benchi, karatasi za A4 zilizokunjwa na kupigwa pini, nikakaa pembeni najifanya nasubiri zamu. Ndani ya kitabu mlikuwa na miungu kumi na tisa. Wa radi, wa moto, wa upepo, wa bahari, wa bahari ya upande wa pili. Wote vifua kama magunia ya mkaa. Dogo alisoma mpaka ukurasa wa mwisho, akafunga, akaniangalia.

"Ami, huyu wa mvua ndiye mwenye nguvu kuliko wote?"

Ndiyo.

"Na anaishi hapahapa Tanga?"

Ndiyo.

"Sasa mbona leo siku ya tatu maji hayatoki?"

Kinyozi alicheka mpaka akazima mashine, na mteja akabaki na kichwa nusu. Mimi nilikusanya nakala zangu nikaondoka bila kunyolewa.

Riziki yangu ni mabango: majina ya maduka, kuku kwenye kuta za vibanda vya chipsi, maneno ya nyuma ya bajaji. Vibonzo navichora usiku, baada ya isha. Lile swali lilinikalisha miezi, na yote ninayowaambia vijana wanaokuja kuniuliza siku hizi yametoka humo. Kama unataka ulimwengu wako wa mashujaa uwe na miungu, jibu hilo kabla hujanunua hata rimu ya karatasi: ikiwa wapo, na wana nguvu kiasi hicho, kwa nini watu bado wana shida, na staringi amebakiwa na kazi gani? Usipojitayarishia jibu, kuna mtoto mahali amekaa kwenye benchi anakusubiri.

Halafu kuna neno lenyewe. Mji wetu huu adhana na kengele vinasikika mtaa mmoja, na ukiandika "mungu" kwa herufi kubwa kwenye jalada, yupo mzee atakayekurudishia kitabu bila kukifungua. Mimi nilirudishiwa, na nikiri alikuwa na haki. Tangu hapo Mwenyezi Mungu simchori, simpi kiputo cha maneno, simwingizi kwenye kisa. Na hata ukiiacha dini kando, kiufundi haiwezekani: hakuna wa kumshinda, hakuna anachokikosa akakitafuta, sasa kisa kitaanzia wapi? Wamarekani nao wamelizunguka jambo hili kwa namna yao. Thor, mungu wa radi, na Zeus, mkuu wa miungu ya Wagiriki, kwenye vitabu vya kampuni ya Marvel ni viumbe wenye umri mrefu na nguvu nyingi, lakini wana wazazi, wana wivu, wanadanganyika na wanakufa. Muumba wa vyote amewekwa mbali, juu ya wote, na ni mara chache mno kisa kumgusa.

Kiswahili chenyewe kinakusaidia hapa ukikisikiliza. Kwenye Biblia imeandikwa "Usiwe na miungu mingine ila mimi". Mingine, kama miti mingine, kama mizigo mingine. Lugha imeshawashusha hadhi hapo hapo. Kwa hiyo kwenye viputo vyangu nimejiwekea kanuni: anayewaamini husema "miungu hawa wanakuja", anayewadharau husema "miungu hii inakuja". Herufi mbili tatu tu, na msomaji anajua nani yuko upande gani bila kuambiwa. Ukichanganya ovyo, umeitupa silaha ambayo Mmarekani hana.

Ila usidhani kila mtu ataona raha. Kuna shujaa wa zamani, aliyetoka mwaka 1940, ambaye kijana Billy Batson akitamka "Shazam" anageuka jitu. Kila herufi ya neno hilo ni ya mwenye kumpa kitu: S ya Solomon kwa hekima, H ya Hercules kwa nguvu, A ya Atlas kwa ustahimilivu, Z ya Zeus, A ya Achilles, M ya Mercury kwa kasi. Nilimweleza jirani yangu anayefundisha madrasa nikidhani atafurahi kusikia Nabii Suleiman yumo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Yaani mtume wamempanga foleni na masanamu?" Sikuwa na la kumjibu, na wewe usipange foleni hiyo.

Ukishamaliza na neno, soma wenzako walivyofanya. Usisome kwa kushangaa. Soma kama fundi anayekagua kochi la fundi mwingine, pindua uone misumari. Thor alianza Agosti 1962, mikononi mwa Stan Lee, nduguye Larry Lieber, na Jack Kirby aliyechora. Kwenye hadithi za kale za watu wa kaskazini ya Ulaya, Thor ana ndevu nyekundu. Wao wakampa nywele za njano na kidevu kilichonyolewa. Loki wa kale, mungu wa hila, alichanjiana damu na Odin, baba wa Thor, kwa hiyo ni wa rika la baba. Wao wakamfanya mtoto wa kulea, ndugu wa Thor. Kwa nini? Kwa sababu ugomvi wa mtu na rafiki wa baba yake unaisha, lakini ugomvi wa ndugu wawili wanaogombea jicho la baba unaweza kuendelea miaka sitini, na umeendelea. Nyundo hawakuigusa. Hasira hawakuigusa. Kwa hiyo ukichukua mungu wa kale, shika chombo chake na tabia yake, halafu ukoo upange upya kadiri kisa kinavyotaka.

Na kwenye vitabu vile vya mwanzo kulikuwa na kanuni moja naipenda kuliko misuli yote: nyundo ikimtoka Thor mkononi kwa sekunde sitini, anarudi kuwa daktari mchechemea mwenye mkongojo. Sekunde sitini! Mwandishi akiwa na kanuni kama hiyo hahitaji adui mwenye vichwa saba. Anahitaji mlango ujifunge.

Wonder Woman, shujaa wa kike wa kampuni ya DC, anafundisha jingine, la kuwa mwangalifu. Alipoanza miaka ya 1940 alikuwa mtoto aliyefinyangwa kwa udongo na mama yake, malkia Hippolyta, na uhai akapewa na miungu. Mwaka 2011 DC wakabadilisha: sasa ni binti wa Zeus. Wapo waliopenda. Mimi naona walibadili kisa cha mama aliyetamani mtoto kikawa kisa cha baba mwenye nyumba ndogo, na visa hivyo tunavyo vya kutosha bila kwenda Olympus, mlima wa kina Zeus.

Kirby mwenyewe alichoka kuazima. Mwaka 1971, akiwa amehamia DC, alianzisha miungu yake mipya kabisa, akianza na kusema ile ya zamani imekwisha kufa. Kuna sayari mbili, moja ya nuru na moja ya moshi na moto, na ili vita isimame wakuu wake wawili wanabadilishana watoto wa kiume. Kila mmoja analea mtoto wa adui. Soma hapo mara mbili. Familia ya miungu inasimama kwa mikataba, na mkataba ndio unaovunjika.

Sasa nifike kwetu. Mwaka 1975 X-Men, kikundi cha mashujaa wa Marvel, walipata mwanamke anayeitwa Storm. Anapotambulishwa yuko Kenya, watu wanamwabudu kama mungu wa mvua, wanaomba, analeta. Anakuja profesa kutoka Marekani anamwambia wewe si mungu, una kipaji cha kuzaliwa, twende, na anakwenda. Nampenda Storm. Lakini kila nikisoma ukurasa ule najiuliza: na wale watu waliobaki na mashamba yao? Hakuna hata mmoja aliyesimama akamuuliza unakwenda wapi na mvua yetu?

Kwa sababu huku kwetu wangemuuliza. Panda Usambara, safari ya nusu siku kutoka hapa. Wafalme wa Kilindi waliotawala kutoka Vuga walijulikana kwa mvua. Wasambaa wana maneno mawili ya kazi hiyo: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mvua ikinyesha vizuri mfalme ameizifya. Isiponyesha, watu hawakusema bahati mbaya. Walisema kuna mwenye nguvu ameibana, na walitaka kujua ni nani na anataka nini. Mwenye mvua alikuwa na cheo, na mwenye cheo ana watu wanaomdai.

Hapo ndipo nilipopata jibu la yule dogo. Usianze na kuuliza mungu wako anaweza nini. Uliza anadaiwa na nani, na mdai akija atamkuta wapi.

Mtaji wa kujenga nao umejaa hapa, usikimbilie Olympus. Mbegha, aliyeanzisha ukoo huo wa Kilindi, alitoka Nguu. Masimulizi yaliyomo kwenye kitabu cha Habari za Wakilindi yanasema alikuwa kigego, meno ya juu yalitangulia kuota, mtoto wa nuksi, na nduguze wakamnyima urithi. Akaondoka na mbwa wake, akawa mwindaji wa nguruwe waliokuwa wanamaliza mazao ya watu, akigawa nyama kila alipopita, mpaka alipoua simba Vuga watu wakamfanya mfalme. Mtoto aliyekataliwa kwa alama ya mwilini, ana kipaji, ana mbwa, anasaidia wanyonge. Wamarekani wangelipa pesa nyingi kwa mwanzo kama huo.

Au nyuki. Novemba 1914 Waingereza walileta meli zenye wanajeshi kama elfu nane kutoka India kuuteka mji huu, wakarudishwa na jeshi la Wajerumani lenye watu kama elfu moja. Katikati ya mapambano nyuki wakavurugwa, wakatoka. Hawakuuliza bendera, waliuma pande zote. Kwenye kitabu changu kuna bibi mwenye nyuki, na kanuni yake ni hiyo hiyo: ukimwita anakuja, lakini hachagui upande, na wewe uliyemwita utaumwa pia. Staringi wangu amemwita mara moja tu. Uso wake mpaka toleo la tatu bado umevimba.

Kuna mahali lakini nakuomba upite kwa adabu. Kwenye mapango ya Amboni watu wanaweka sadaka zao, na kusini kwenye makaburi ya kale ya Tongoni vilevile. Hayo si makumbusho ya mawazo yako. Mzimu wa watu, ambao mpaka leo mtu anaufuata na ubani wake kwa shida ya mtoto mgonjwa, usiuchukue kwa jina ukaufanya adui wa kupigwa mateke. Chukua umbo la jambo: pango, giza, popo, ahadi iliyowekwa. Jina tunga lako.

Ninayejivunia zaidi ni Mzee Kina, kwa hiyo acha nikuonyeshe kadi yake nzima. Nimemtoa kwa silikanti, yule samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka tangu enzi za dinosaria mpaka alipoopolewa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi wa Tanga wamemnasa mara nyingi kwenye majarife ya papa, na 2009 eneo lake likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Kila mungu wangu ana kadi, kipande cha boksi la viatu, na ya Mzee inasomeka hivi:

Nguvu: anakumbuka kila kilichozama.
Mpaka: kina kirefu tu. Akipanda juu kwenye maji ya vuguvugu ana saa chache, kisha anakufa.
Mwiko: haonekani mchana.
Chakula: hapewi. Yeye mwenyewe haliwi, nyama yake inaharisha.
Anadaiwa na: wajane wa waliozama. Akiulizwa na mjane lazima aseme ukweli.

Angalia, karibu yote hayo sikuyatunga. Silikanti halisi mchana hujificha mapangoni chini, akiletwa juu hufa baada ya muda mfupi, nyama yake ina mafuta yanayosumbua tumbo. Nilichoongeza ni mstari wa kwanza na wa mwisho, na huo wa mwisho ndio uliozaa kisa kizima. Mwenyewe nilikuwa na kadi ya mungu wa moto yenye nguvu kumi na mbili na sehemu ya deni iko wazi. Ilikaa wazi wiki mbili. Nikaichana.

Ukiwa na koo zaidi ya moja utakutana na swali la mipaka: wingu likitoka baharini likapanda mlimani, ni la nani? Marvel wametatua kwa kumpa kila mmoja makao yake, Asgard ya kina Thor huku, Olympus kule, na wakuu wao wakikutana kwa mambo mazito. Mimi nimetumia kalenda ya mabaharia. Ukoo wa Kaskazi unashika bahari kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ukoo wa Kusi unafuata, na kati yao kuna majuma ya tangambili, pepo zisipojua zielekee wapi na chombo kikaweza kwenda popote. Majuma hayo koo zote mbili zimo bandarini kwa pamoja, mizigo juu ya mizigo, wanaondoka na wanaoingia. Magomvi yangu yote makubwa nayaweka humo. Na jina la mji nimepewa bure.

Kuchora sitakaa sana, kila mtu na mkono wake. Ila misuli haimfanyi mtu awe mungu. Mpiga debe wa stendi anayo. Kirby alionyesha nguvu za mbinguni kwa vidoto vyeusi, vikubwa kwa vidogo, vimesongamana na weupe ukipenya katikati. Tumia kizibo cha soda kwa vikubwa na kofia ya peni kwa vidogo, jaza wino, usivipange mstari. Kuna sababu ya pili isiyo ya kisanaa: mashine za fotokopi za steshenari zetu, wino ukipungua, eneo kubwa jeusi linatoka na mistari ya kijivu kama pundamilia. Vidoto vinaficha hilo.

Kwa sauti ya miungu nimeiba kwa mama yangu. Bibi mwenye nyuki hana kiputo cha kawaida. Maneno yake yamo ndani ya kanga: pindo limezunguka pande zote nne, mji katikati una asali au sega, na jina chini kwa herufi kubwa, MWENYE PUPA HADIRIKI KULA TAMU. Hasemi kitu kisichoweza kuandikwa kwenye kanga. Kuchora pindo kwa mkono kunakula jioni nzima kwa kanga moja, na hiyo imenisaidia kumfanya bibi awe mtu wa maneno machache.

Kurasa ziwe nne, nane, kumi na mbili au kumi na sita. Karatasi nne pande mbili, kunja katikati, unapata kumi na sita. Ukitunga kumi na saba utalipia karatasi nzima kwa ajili ya ngumi moja, nami nimeshalipia. Panga kurasa kwa penseli kwenye karatasi chakavu uikunje kwanza, kwa sababu ukurasa wa pili na wa kumi na tano vinakaa upande mmoja wa karatasi, na kijana wa steshenari hatakuuliza kama una uhakika.

Toleo la pili niliwapunguza kutoka kumi na tisa wakabaki wanne, na wa mvua nikambadilisha kabisa. Sasa ni mwanamke, anaitwa Mwanamvua, jina ambalo hapa pwani hukosi mtu mwenye nalo. Nimemkalisha kwenye mkeka uani, mbele yake kina mama na ndoo tupu. Kurasa tatu ni ndoo: ya rangi yenye mpini wa waya, ya plastiki iliyoshonwa kwa uzi, dumu lililokatwa shingo. Halafu anaulizwa lile swali. Anajibu, "Mvua naiangusha Amani, kule milimani. Mto Zigi unaishusha. Bomba si langu." Kina mama wanageuka wote kwa pamoja kumwangalia staringi, ambaye mchana ni fundi bomba, na yeye anaangalia viatu vyake.

Nilimpelekea dogo nakala kwa kinyozi. Sasa yuko la saba. Alisoma palepale, akarudi ukurasa wa ndoo, akasoma tena.

"Ami, na kama anadanganya? Kama Amani haikunyesha?"

Toleo la tatu niko ukurasa wa sita. Kina mama wamepanda basi la kwenda Amani kuangalia, Mwanamvua amekaa kiti cha nyuma kabisa, na hajasema neno tangu Muheza.